Shairi la Saa Sita Mchana

Prof Kalenga tumemzika Jumanne, na tangu tutoke makaburini watu wananiuliza alikuwa mwalimu wa namna gani, kwa kuwa kati ya wote waliokaa kilioni mimi peke yangu ndiye niliyewahi kukaa mbele ya ubao wake. Nimewajibu yale ambayo watu hujibu. Alikuwa mpole, mwandiko wake ulikuwa mzuri, alijua Kifaransa mpaka kile cha vitabuni. Habari ya shairi sikuwaeleza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka ule, nikiishi Kashikishi, upande wa Zambia wa ziwa Mweru, kwa mwanamke aliyekausha samaki, na mpaka leo, ninapowafundisha watoto wa kambi kusoma, mkono wangu husita kabla ya kuandika shairi lolote ubaoni. Nilivukaje ziwa, na niliwaacha nani ng'ambo, si habari ya hapa. Nilivuka, nikapita kambi ya Kenani kama wengine, nikatoka. Ninachotaka kukieleza ni nyumba moja yenye vyumba viwili, na kosa moja nililolifanya humo kwa kujiona nina akili.

Nyumba ilikuwa ya Mayo Mwape. Mayo ni mama kwa Kibemba, na kila mtu pale sokoni alimwita hivyo ingawa hakuwa na mtoto. Alikuwa mjane wa miaka kama sitini, mikono yake imeiva kwa moshi hadi viwiko, na maneno yake yalikuwa machache. Mimi nilimsaidia kugeuza samaki juu ya chanja, yeye akanipa chumba cha nyuma. Kati ya chumba changu na chumba cha kulia kulikuwa na ukuta usiofika kwenye bati. Nyumba ilikuwa na milango miwili. Mmoja ulitazama barabara, tuliupita sote. Wa pili ulitazama ziwa, hatua kama thelathini kutoka kwenye maji, na huo ulifunguliwa mara moja tu kwa siku. Saa sita mchana Mayo aliuinua ufito uliouzuia, akausukuma wazi, kisha akanigeukia na kuniambia kwa kile Kiswahili chake cha kuuzia samaki, "Weye toka. Angalia samaki." Nilitoka. Nilidhani anataka kuoga, au kusali. Pale Mweru, upepo unapokufa saa sita, ziwa linakuwa jeupe kama bati jipya, ng'ambo ya Kongo inafutika kabisa, na hata mbwa hawabweki. Nilikaa chini ya kivuli cha chanja, nikingoja aniite nije kula kilichobaki.

Mwezi wa nne nilishikwa na malaria. Siku hiyo Mayo aliponiambia nitoke sikuweza hata kuinua kichwa, naye alinitazama muda mrefu kutoka mlangoni, kisha akashusha pazia langu na kuondoka. Nikasikia mlango wa ziwani ukifunguliwa. Nikasikia sahani zikiwekwa mezani, kisha kiti kikivutwa, na baada ya kitambo kidogo kiti cha pili kikivutwa. Halafu sauti ya mwanamke ikaanza kusema Kiswahili. Haikuwa sauti ya Mayo Mwape. Mayo alikuwa akikivunjavunja Kiswahili, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Huyu alikisema kwa wepesi, kile cha nyumbani kwetu, Kiswahili cha mtu aliyelala na kuamka nacho. Ilikuwa sauti changa. Ilisema kitu, ikanyamaza kama anayesikiliza jibu, ikacheka kidogo. Jibu lenyewe sikulisikia. Mwishowe ikasema, "Kula. Inapoa."

Nilipopata nguvu ya kwenda kunywa maji, chumba kilikuwa kitupu. Mayo alikuwa nje akiosha vyombo. Kutoka mlango wa ziwani mpaka mezani, juu ya sakafu ya saruji, kulikuwa na alama za unyayo mbichi wa maji. Ulikuwa mguu wa kushoto, mkubwa, wa mwanaume. Kisha nafasi kavu, kisha mguu wa kushoto tena, na tena. Wa kulia haukuwapo. Nilisimama na kikombe mkononi nikifikiri kwamba ni mtu amekuja akiruka kwa mguu mmoja kama mtoto anayecheza, na wazo hilo lilinifanya nicheke, kisha nikatetemeka mpaka meno yakagongana. Jua lilizikausha alama hizo nikizitazama. Nilirudi kitandani. Homa ina mambo yake, nilijiambia, na kwa majuma mengi niliamini hivyo.

Mwezi wa sita Prof Kalenga akaanza kutufundisha. Hakuna aliyemtuma. Alituona vijana watano wa Kongo tukizurura sokoni bila shule, akaomba chumba cha nyuma cha kanisa, mahali palipowekwa magunia ya samaki, akapata ubao na chaki. Suruali yake ilikuwa moja, nayo aliipiga pasi. Kila Alhamisi alasiri tulikaa juu ya magunia. Siku ya kwanza aliandika ubaoni, kwa ule mwandiko wake, mistari kumi:

Umerudi umelowa. Sikuulizi.
Kiti chako ni hiki kisicho na mgongo.
Chumvi iko upande wako,
unisogezee, usisimame.
Nyumba ina mlango wa watu na mlango wa maji.
Wewe unajua umepita upi.
Mguu wa kushoto umeacha maji sakafuni.
Wa kulia haukuacha kitu.
Kesho nitafungua tena.
Kula. Inapoa.

"Hii ni mashairi ya mapendo," Prof alisema.

Trezo, aliyekuwa mkubwa wetu na aliyekaribia kumaliza sekondari kule Pweto, ng'ambo, alicheka wazi. "Mais Prof, hii si mashairi. Haina vina. Haina mizani. Hata neno mapendo haimo."

"Bon. Na barua ya mapendo ya kununua ku soko, ile yenye maua, iko na neno mapendo mara ngapi?"

"Mara kumi."

"Na yenyewe inapenda?"

Tukacheka. Prof akampa Trezo chaki. "Njo hapa. Unionyeshe na kidole mapendo iko wapi. Kama haiko, nitaifuta yote."

Tulikwenda mbele mmoja mmoja. Aline, rafiki yangu, aliyeishi na shangazi yake karibu na bandari, aliweka kidole kwenye neno la mstari wa mwisho, inapoa. Alisema mtu asiyekupenda hajali chakula chako kikipoa. Mimi niliweka kidole kwenye neno la mstari wa kwanza, sikuulizi. Nilisema kwamba anayemsubiri mtu kwa hasira angeuliza ulikuwa wapi, na huyu ana haki ya kuuliza, lakini amelimeza swali ili mwenzake akae. Prof alinitazama kwa namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kunitazama. "Weye," alisema, "uko na macho." Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba maji kichwani, naogopa kulimwaga.

Tulilisoma shairi lile kidogo kidogo, mstari mmoja au miwili kwa Alhamisi. Leo, nikiwa mwalimu mwenyewe, ninajua jinsi lilivyo jambo la nadra kukaa mwezi mzima na mistari kumi. Trezo alikuwa hodari wa maana. Mlango wa maji ni kifo, alisema. Kiti kisicho na mgongo ni maisha yasiyo na wa kukuegemeza. Prof alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia maneno ambayo na mimi nayarudia kwa wanafunzi wangu: "Mbele ya kuniambia kintu inamaanisha nini, unieleze kwanza iko nini. Kiti ni kiti. Kinakaa upande gani? Nani anakikalia?" Ndipo na mimi nikaanza kukiona kile chumba. Nilikiona vizuri mno. Niliona meza imesukumwa ukutani, kwa hiyo watu wawili tu wanaweza kukaa, na kikopo cha chumvi kiko mbali na yule anayepika. Nilidhani ni akili yangu inachora. Sikujiuliza kwa nini inachora haraka hivyo.

Alhamisi ya nne tukafika kwenye mguu. Prof alisoma kwa sauti: mguu wa kushoto umeacha maji sakafuni, wa kulia haukuacha kitu. Trezo akasema mguu wa kulia ni yale yaliyosahaulika. Aline akasema labda ni mtu mwenye wanawake wawili, mguu mmoja huku na mwingine kule, na wote wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua kwamba nimesimama. Kiti kisicho na mgongo ni kile ninachokalia kila siku ninapoitwa kula kilichobaki. Chumvi, nyumba yenye milango miwili, na alama zile. Na badala ya kunyamaza, jamani, badala ya kumeza, nilifurahi. Nilikuwa nimefumbua fumbo kabla ya wote. Nilisema kwa sauti kubwa, "Prof, ni kwetu! Ni nyumba ya Mayo Mwape! Anafunguliaka mufu mulango saa sita, anamupa chakula. Mi niliona miguu!"

Hakuna aliyecheka. Prof alikaa juu ya gunia polepole, chaki ikiwa bado mkononi, akawaambia wenzangu waende nyumbani. Walikwenda. Aline alitoka wa mwisho, akigeuka kunitazama.

"Mi nililala mu ile chumba yako," Prof aliniambia. "Mbele weye ufike, miezi mitatu. Ile ukuta haifike ku bati. Nilikuwa na kuhara, sikuweza kutoka saa sita, nikasikia. Kesho yake nikajifanya mugonjwa tena. Niliandika mu kaye, mu daftari, maneno yenye alisema. Sikuongeza kintu. Nilikata tu mistari."

"Na ulijua bwana yake alikufa?"

"Nani aliniambia? Nilifikiri eko na bwana mwenye haya, anakuya kula na kurudi ku mitego. Weye Feza, mi nilisikia kiti. Viti viwili." Alijifuta uso, akajipaka chaki. "Muguu nilifikiri ni mufano."

Nje wanawake walikuwa wakipatana bei kwa Kibemba na jua lilikuwa kali bado. Nilitaka kumuuliza kama yeye alisikia jibu, lakini niliogopa angesema ndiyo.

Aline alimweleza shangazi yake jioni ileile, na shangazi yake alikuwa akinunua samaki wetu. Jumatatu nilikaa sokoni na kapu la Mayo tangu asubuhi na hakuna aliyeinama kulitazama. Jumanne vilevile. Mwanamke mmoja aliyepita aliinua kitenge chake ili kisiguse kapu. Kwa mjane anayeishi peke yake, pale kwetu, jina likishabadilika likawa mchawi halirudi kirahisi. Anaweza kuamka akute chanja zake zimechomwa, na hilo ndilo jambo dogo. Jumatano usiku sikulala. Alhamisi asubuhi, tukigeuza samaki, nilimweleza Mayo yote. Nilimweleza Prof aliandika nini, sisi tulisoma nini, na mimi nilipiga kelele gani. Nilingoja anifukuze.

Alikuwa ameshika samaki kwa mkia. Hakumgeuza. "Na weye uliona?" aliuliza.

"Niliona, Mayo. Wakati wa homa."

"Muguu?"

"Wa kushoto. Paka wa kushoto, ule mumoja tu."

Basi uso wake ulifunguka. Sina namna nyingine ya kuusema. Miaka ilimtoka. Aliniambia kwamba bwana yake aliitwa Kasongo, mtu wa ng'ambo, asiyejua neno la Kibemba, na mguu wake wa kulia ulikatwa zamani chini ya goti, kabla hawajaoana. Alivua kwa kukaa. Alipotea upande wa Chisenga siku isiyo na upepo hata kidogo, mtumbwi ukarudi peke yake, mwili haukupatikana. Mwaka wa pili ndipo maji yalipoanza kuonekana sakafuni. "Nilifikiri ni kichwa yangu," alisema. "Miaka kumi na moja nafikiri ni kichwa yangu." Akanishika mkono kwa vidole vyenye magamba ya samaki, akacheka, kisha akaulilia. Siku ile hakuniambia nitoke saa sita. Mimi mwenyewe nilitoka, kwa hofu.

Jumamosi walikuja wanawake wa kanisa. Walikuwa sita, wenye vitambaa vyeupe kichwani, wakiongozwa na mke wa shemasi, mama mnene mwenye sauti nzuri ambaye siku zote alikuwa mwema kwangu. Waliichagua saa sita makusudi. Mlango wa ziwani ulikuwa wazi, meza imeandaliwa, sahani mbili zikitoa mvuke, na nyuma yao ziwa jeupe lisilotikisika. Walimuuliza Mayo kwa Kibemba sahani ya pili ni ya nani. Mayo alinitazama mimi, na alinitazama kwa utulivu, kama mtu ambaye hatimaye ana shahidi. Mke wa shemasi akanigeukia. Kwangu alitumia Kiswahili, taratibu, ili nisikosee.

"Weye, mutoto, unalala humu. Usiogope. Sema mbele ya Mungu. Umeona nini mu nyumba hii?"

Nilikuwa nimesimama karibu na kizingiti cha ziwani. Nilitazama chini, kwa sababu sikuweza kutazama uso wa yeyote, na nikauona. Unyayo mmoja, mbichi kabisa, kati ya viatu vyao na mguu wangu. Hakuna hata mmoja kati ya wale wanawake aliyekuwa peku, wala aliyelowa. Walikuwa wakinitazama usoni, ndiyo sababu hawakuuona. Nikasogeza mguu wangu, nikaukanyaga. Maji yaliyonipandia vidoleni juu ya kandambili yalikuwa baridi, ya baridi ile ya kule katikati ya ziwa, siyo ya ufukweni.

"Sikuona kintu," nilisema. "Ile sahani ni yangu. Nilikuwa na homa, nikadanganya sababu niliota ndoto. Mayo ananipatiaka chakula kama mutoto wake, basi."

Mke wa shemasi alivuta pumzi, akatabasamu. Waliimba wimbo mmoja, wakaomba, wakanipaka mafuta kwenye paji la uso. Muda wote sikuuinua mguu. Walipoondoka nilimgeukia Mayo kumwonyesha, lakini alikuwa amekwishanipa mgongo, na nilipoinua mguu palikuwa na alama ya kandambili yangu tu. Nilisema, "Mayo, nilikanyaga juu ya..." Aliinua mkono kunizuia. Alichukua sahani zote mbili akazimwagia kuku.

Jumatatu alimleta fundi, na kabla ya jua kuzama mlango wa ziwani ulikuwa ukuta wa matofali ya udongo. Juma lilelile samaki wake walianza kununuliwa. Prof alikuja na kaye yake akaikabidhi kwa mikono miwili, akiomba msamaha kwa Kifaransa na Kiswahili. Mayo, ambaye hakujua kusoma, aliitazama nje na ndani, kisha akaisukuma katika moto chini ya chanja. Tangu siku hiyo hakuniambia neno la Kiswahili. Alinituma, akanilisha, akanitunza kwa Kibemba, nami nikakijifunza kwa sababu hiyo. Kabla ziwa halijafungwa kwa wavuvi mwaka ule, mwezi wa kumi na moja, nilipata nafasi kambini nikaondoka. Nilijiambia nimemwokoa. Nimejiambia hivyo mara nyingi sana. Kuna siku ninaamini.

Juzi, siku ya tatu ya kilio cha Prof, alishuka kwenye pikipiki mwanamke mzee amebeba kapu la samaki wa kuwapikia waombolezaji. Nilimjua kwa mikono kabla ya uso. Alisema kwa Kibemba kwamba amekuja kwa ajili ya mpangaji wake wa zamani, akaomba kisu, akakaa kati yetu sisi wapishi, akaanza kukata vichwa vya samaki. Nikahamisha kigoda changu karibu naye. Watu waliimba upande wa pili wa nyumba. Nilimwambia kwa Kibemba, polepole, nikichagua kila neno: siku ile nilidanganya. Unyayo ulikuwapo pale kizingitini. Niliukanyaga ili wasiuone.

Alikata vichwa vya samaki watatu, wanne. Kisha sauti ikatoka, ile changa, ambayo nilikuwa nimeisikia mara moja tu nyuma ya ukuta, na Kiswahili chake kilikuwa kizima, bila hata neno moja kuvunjika.

"Ule muguu," alisema, "ulikuwa umevimba?"

Sikuelewa.

"Ulikuwa unavimbaka, wakati wa mvua. Sababu ni ule ulibeba mwili muzima, ule mumoja. Mi nilikuwa namukanda na mawese kila mangaribi. Sasa tangu aende, na mimi nikafunga mulango, najiuliza kila siku, nani anamukanda."

Nilifumba macho nikautafuta. Nilikuwa nimeuona kwa muda mfupi kuliko wa kuvuta pumzi, lakini Prof alinifundisha kuona. Vidole vitano, kila kimoja peke yake. Kisigino cha mviringo. Na katikati, pale unyayo unapoinuka, palikuwa pakavu, hapakugusa sakafu.

"Haukuvimba, Mayo," nilisema. "Hata kidogo."

Alitikisa kichwa kukubali, mara mbili, tatu, akiwa ameinamia kapu. "Bon," alisema. "Bon." Kisha akafuta kisu kwenye kitenge chake, akanipa, akaniambia nimalizie wale wadogo, maana macho yake hayaoni vizuri tena.